Nyumba ya Marehemu: Ni Nani Anaweza Kuiuza, na Lini?

Somo hili ni refu kidogo. Mmoja wenu alisome kwa sauti, na mkifika mahali penye ubishi simameni mbishane kwanza, ndipo muendelee.

Tuchukue mfano. Kikundi kimechanga pesa kwa miaka minne na sasa kinatafuta mahali pa kuweka mashine ya kusaga unga. Sokoni kuna ploti ya mzee mmoja aliyefariki mwaka jana. Ina nyumba ya vyumba vinne, na chumba cha mbele ni duka. Siku ya mkutano kijana wake wa kwanza anakuja, anasalimu watu kwa heshima, anafungua bahasha. Ndani mna hati ya ploti, cheti cha kifo na barua ya chifu. Anasema, "Mama zangu, mnanijua tangu utotoni. Baba alituachia deni la hospitali, na mdogo wetu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nauza laki sita. Nipeni laki mbili leo, tuandikiane, zile zingine mtanilipa polepole."

Mweka hazina anamtazama mwenyekiti. Bei ni nzuri. Kijana si mwizi. Deni ni la kweli na karo ni ya kweli. Je, mtoe pesa?

Msitoe. Wala si kwa sababu ya tabia yake. Ni kwa sababu siku hiyo kijana huyo hana kitu cha kuwauzia.

Bahasha ina nini?

Tutazame karatasi moja moja. Hati ya ploti bado ina jina la baba yake. Kuiweka hati ndani ya sanduku lako hakukufanyi uwe mwenye ploti, hata kama wewe ndiwe kifungua mimba. Cheti cha kifo kinasema tu kwamba mzee amekufa. Barua ya chifu nayo hutaja waliobaki: mjane au wajane, na watoto wote. Barua hiyo ni ya kupelekwa mahakamani. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza, hata ikiwa na mhuri mkubwa namna gani.

Pengine kijana ataleta karatasi ya nne, hati ya uwakili ambayo baba alimwandikia alipokuwa mgonjwa, kwamba mwanawe amshughulikie mali. Hiyo ilikuwa na nguvu mzee alipokuwa hai. Siku alipokata roho, nguvu yake ilikwisha pamoja naye. Na mtu akiwashauri muandike mapatano yenye tarehe ya nyuma, ionekane kama mzee aliuza mwenyewe kabla hajafa, huyo anawaingiza katika kosa la kughushi. Ondokeni hapo.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, na ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuchukua, kuuza wala kuingilia mali ya marehemu kabla hajapewa mamlaka. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Tena atadaiwa alichochukua na wale wenye haki nacho. Msidhani maneno hayo ni ya muuzaji tu. Mnunuzi anayeingia ndani ya nyumba na kuanza kubomoa kuta ili mashine ipite, naye ameingilia.

(Waislamu hufuata sheria ya dini yao katika mirathi, na kesi zao huenda kwa Kadhi. Pia mashamba na mifugo ya wilaya kadhaa za wafugaji, kama Turkana, Marsabit na Wajir, yaliwekwa kando na yanafuata mila. Walio huko waulize kwanza. Hapa tunazungumzia sisi wengine.)

Kesi ya mirathi, ile tunayoiita saksesheni

Familia huanza kwa kupeleka maombi mahakamani. Kwa sheria ya mwaka wa 2015, mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu. Mahakimu wa chini yake wana viwango vidogo zaidi, na mali kubwa kuliko hiyo huenda Mahakama Kuu. Fomu hujazwa zikitaja kila mrithi, kila mali na kila deni. Wale ambao hawaombi usimamizi wenyewe hutia sahihi kwamba wamekubali fulani na fulani wasimamie. Halafu tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30 za kufanya hivyo.

Kitu kinachoharibu kesi nyingi ni kuficha watu. Katika mfano wetu mzee ana wana watatu na mabinti wawili walioolewa. Kijana anasema, "Dada zetu wana kwao." Mila huenda inasema hivyo, lakini Sheria ya Urithi inasema watoto, basi. Haitofautishi wa kiume na wa kike, wala aliyeolewa na ambaye hajaolewa. Vilevile mtoto aliyezaliwa nje na akatambuliwa na baba ni mtoto. Jina likiachwa nje leo, mwenyewe anaweza kutokea baadaye na kuonyesha kwamba mahakama ilifichwa jambo kubwa, na hati yote ikafutwa. Mimi nikiombwa kununua mali ya namna hii, swali langu la kwanza haliwi bei. Huuliza: mabinti wako wapi, na je, wanajua?

Kama hakuna mpinzani, mahakama hutoa hati ya usimamizi. Wasimamizi hawazidi wanne. Palipo na mtoto aliye chini ya miaka 18, kama yule mwanafunzi wetu wa karo, wasimamizi lazima wawe wawili au zaidi, ili mmoja asimle mtoto akiwa amelala.

Mtego wa hati ya kwanza

Hapa ndipo hata watu wenye elimu hupotea, kwa hiyo msome polepole.

Tuseme kijana amesikia maneno yetu, akaenda mahakamani, na baada ya miezi kadhaa amerudi na hati ya usimamizi. Ina muhuri wa mahakama, na jina lake liko hapo pamoja na la mama yake. Anasema, "Sasa je?"

Bado. Hati hiyo ya kwanza inawapa wasimamizi kazi ya kukusanya mali, kuitunza, kupokea kodi ya nyumba na kushughulikia madeni. Lakini sheria inasema wazi kwamba nyumba, ploti au shamba havitauzwa kabla hati hiyo haijathibitishwa. Hata kama marehemu aliacha wosia na kumtaja mtu wa kuutekeleza, katazo hilo linamhusu pia.

Kuthibitisha ni hatua ya pili. Kwa kawaida huombwa baada ya miezi sita tangu hati ya kwanza ilipotolewa. Wasimamizi hurudi mahakamani na pendekezo la kugawa: nani atapata nini. Warithi wote huulizwa kama wamekubali. Hakimu akiridhika hutoa cheti cha uthibitisho, na ndani yake kuna orodha ya kila mali na jina la atakayeipata. Cheti hicho ndicho mnunuzi anapaswa kukiona.

Na akikiona, akisome. Si mara moja mtu anaonyeshwa cheti cha kweli kabisa, lakini ukitazama ile orodha unakuta ploti ilipewa ndugu mwingine, au imeandikwa ni ya mama na watoto wote kwa pamoja. Basi huyo anayekuuzia peke yake anauza fungu la wenzake. Chukueni nambari ya kesi mwende kwa karani wa mahakama kuhakikisha, kisha mfanye sachi katika ofisi ya ardhi. Kama ni shamba la kulima, patahitajika pia kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kuhamisha kwa mnunuzi.

Mama je?

Mjane anayeachwa na watoto, kama hakuna wosia na mzee alikuwa na mke mmoja, hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki ni yake kuitumia maisha yake yote, ndipo iende kwa watoto. Hii maana yake ni mbili. Kwanza, kijana hawezi kumuuzia mama yake nyumba juu ya kichwa chake. Pili, mama naye hawezi kuamka asubuhi akauza. Akihitaji kuuza ili ajikimu, lazima watoto wake wazima na wasimamizi wenzake wakubali, na kwa nyumba au ardhi lazima mahakama yenyewe itoe ruhusa. Kama kulikuwa na wake wawili au zaidi, mali hugawanywa kwa nyumba zao kulingana na hesabu ya watoto, na kila mjane akihesabiwa pamoja nao.

Lakini deni halingoji

Najua kuna atakayesema, "Haya yote ni mazuri, lakini hospitali inadai sasa." Ni kweli. Familia nyingi huuza haraka kwa sababu ya shida, si kwa tamaa, na anayenunua kwa bei ya shida mara nyingi hujiona mjanja.

Wana njia. Wakishapata hati ya kwanza, kodi ya vile vyumba vinne inaweza kupunguza deni, risiti zikiwekwa. Wanaweza kumwonyesha mdai hati hiyo na kuomba kulipa kidogo kidogo. Wanaweza kuiomba mahakama ithibitishe mapema kabla ya miezi sita kwisha, wakieleza sababu; hakimu ana uwezo wa kukubali. Na lililo bora zaidi, katika lile pendekezo la kugawa wanaweza kuandika kwamba ploti ya sokoni iuzwe, deni la hospitali lilipwe kwanza, fungu la mtoto wa shule liwekwe, na zinazobaki zigawanywe hivi na hivi. Mahakama ikithibitisha maneno hayo, wasimamizi wanauza mchana kweupe, na kwa bei ya soko.

Na kikundi? Laki mbili zikae benki. Wasimamizi wakiwa na hati ya kwanza, pangeni kile chumba cha duka mwezi kwa mwezi, mlipe kodi kwao wote wawili, mama na mwanawe, na mpewe risiti. Mashine itasaga. Wakithibitishiwa, nanyi mkiwa bado mnapenda mahali hapo, mtanunua. Mtu akisema, "Tutoe kidogo tu cha kumshikilia, asiuzie wengine," mjibuni kwamba hao wengine nao watanunua hewa. Pesa ikishaliwa, mtakayebaki kumdai ni kijana mwenye deni la hospitali.

Ya kuzungumzia katika mkutano

Je, katika kikundi chenu kuna anayeishi kwenye nyumba au shamba ambalo hati yake bado ina jina la aliyekufa? Ni nani ana nambari ya kesi, na ni nani hajawahi kufika mahakamani kabisa? Taja watoto wote wa huyo marehemu, mabinti wakiwemo: ni wangapi ambao barua ya chifu haikuwataja? Mweka hazina aandike majibu, kisha mchague watu wawili wa kwenda kwa karani wa mahakama iliyo karibu kuuliza fomu na ada, walete habari mkutano ujao.