Kaneno kadogo, maana kubwa!

Leo tunaangalia vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kaneno kadogo kama "in", "up" au "out". Usikadharau! Kakibadilika, maana nayo inabadilika. Tuanze na vile vya kompyuta na simu.

Sign up: kujiandikisha. Unafanya mara moja tu, siku ya kufungua akaunti.

Log in au sign in: kuingia kwenye akaunti uliyo nayo tayari, kwa neno la siri. "Log" ni gogo. Zamani mabaharia walitupa majini kipande cha ubao chenye kamba ili kupima mwendo wa meli, wakaandika vipimo kwenye daftari. Daftari likarithi jina la gogo, na kompyuta nayo ikarithi.

Log out: kutoka. Hapa ndipo wengi tunajisahau! Tuseme umekwenda kafe ya intaneti kumwandikia mshauri kuhusu dalili zinazokutia wasiwasi. Umemaliza, umelipa, umeondoka bila ku-"log out". Anayekaa kwenye kiti chako anaweza kusoma siri yako yote. Kufunga ukurasa tu mara nyingi hakutoshi.

Plug in: kuchomeka kwenye umeme. Tunasema "Plug in the radio" au "Plug the radio in". Lakini ukitumia "it", inakaa katikati: "Plug it in". Usiseme "Plug in it".

Hook up: kuunganisha kifaa na kingine, kwa mfano "Hook up the printer". Ila jihadhari! Mitaani maana yake ni kukutana kimapenzi, mara nyingi kwa ngono tu. Mtu akikuandikia "Let's hook up", hazungumzii printa! Kama hutaki, jibu "No". Hilo halihitaji kaneno ka kulisaidia.

Kumbuka pia: wakati uliopita unabadili kitenzi, sio kaneno. Sema "I logged out".

Jipime! Jaza "in", "up" au "out":

1. I don't have an account yet, so I must sign ____ first.
2. The radio is not working. Did you plug it ____?
3. Always log ____ before you leave a shared computer.

Majibu: 1. up, 2. in, 3. out.

Umepata yote? Safi sana! Sasa mfundishe na rafiki yako, hasa lile la tatu.