SOMO: Mgeni Aliyepanda Mti
Kusoma: Mwanzo 21:22-34, Kumbukumbu la Torati 20:19-20



Ibrahimu wa madhabahu tunamfahamu, na Ibrahimu wa ahadi tumemhubiri mara nyingi. Ibrahimu wa Beer-sheba tunampita haraka. Pale alikuwa mgeni katika nchi ya Wafilisti, anaishi kwa ruhusa ya wenyeji, na kisima alichokitegemea kilikuwa kimenyang'anywa na watumishi wa Abimeleki. Sisi tunaoishi katika makazi haya hatuhitaji kuelezwa ugomvi wa maji ulivyo.

Angalieni jinsi mambo yanavyofuatana. Ibrahimu anamweleza Abimeleki lawama yake uso kwa uso. Abimeleki anajibu kwamba hakuwa na habari. Wanaapiana, na kondoo wa kike saba wanatengwa wawe ushahidi. Ni baada ya hayo yote, katika mstari wa 33, ndipo Ibrahimu anapanda mti. Biblia yetu ya Kiswahili inauita mkwaju. Chuoni tulifundishwa kwamba Kiebrania kinataja mti mwingine wa nchi kavu, lakini tusigombanie hilo. Mtu asiye na shamba lake mwenyewe alipanda mti katika nchi ya watu, na alipatana nao kwanza.

Neno hili sisi tulilielewa Masinya, na tulilielewa kwa aibu.

Mtakumbuka kwamba Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipelekwa kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huohuo wakahamishiwa Kiryandongo. Kabla ya Mulanda, baadhi yetu tulipokelewa na waumini wa Masinya, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Ni Wasamia, watu ambao mpaka umewapitia katikati, na walitusalimu "mulembe", yaani amani. Tulikuwa vijana wenye njaa. Siku ya tatu tulitoka alfajiri kutafuta kuni, tukakata miche mitano iliyosimama pembeni mwa shamba la mzee aliyetulaza.

Mzee hakupiga kelele. Alitushika mkono akatupeleka boma la jirani, chini ya mvule mkubwa ambao watu wanne wasingeweza kuukumbatia. "Huu ni dume, wanangu," akasema. "Hauzai. Jike lilikuwa kule ng'ambo ya barabara. Lilipasuliwa mbao. Hiyo mlioikata ndiyo miche yake ya mwisho niliyokuwa nailinda."

Hatukujua kwamba mti una dume na jike. Tangu siku ile tumejifunza mengi juu ya mvule, na tunaona vema tuwashirikishe, kwa kuwa huku pia upo na huku pia tunaukata.

Mvule, ambao Waganda na Wasoga huuita muvule, ni wa ukoo mmoja na mforsadi na mtini. Huweza kufikia urefu wa mita 50. Mbao zake haziliwi ovyo na mchwa, ndiyo maana zimetengeneza milango, vitanda na mitumbwi ya Ziwa Viktoria, na ndiyo maana mivule iliyokomaa imekuwa adimu mashariki mwa Uganda ambako zamani ilisimama katikati ya mashamba. Wapasuaji mbao watawaambia pia kwamba msumeno hukutana na mawe ndani ya shina. Si hadithi. Mti huu hutengeneza chokaa, ndani ya shina na katika udongo ulio chini yake, na udongo mchungu hupoa. Wazee waliouacha shambani walijua walichokifanya hata bila maabara.

Sasa, mvule dume hauzai tunda, na mvule jike bila dume hautoi mbegu nzuri. Tunda likiiva, popo ndio hulila usiku na kudondosha mbegu mbali, kwenye shamba la mtu mwingine. (Wale wanaowapiga popo mawe kwa kuwaogopa wachawi, hili liwafikie.) Kwa hiyo baba anaweza kuwa kwa mtu, mama kwa jirani, na watoto kwa mtu wa tatu ambaye labda hasemezani na hao wawili.

Basi mtu akisema, "Nitanunua ekari moja niijaze mivule, nimalize kazi peke yangu," atashindwa. Yuko mdudu mdogo sana, wataalamu wanamwita Phytolyma. Hutaga mayai kwenye machipukizi ya mche, watoto wake huingia ndani, kilele huvimba vinundu, vinundu hupasuka, na ncha ya mche hufa. Mivule michanga ikipandwa pamoja kwa wingi, mdudu huyu hutoka mche hadi mche. Idara za misitu za nchi nyingi za Afrika zilijaribu mashamba ya mvule mtupu zikapata hasara. Mche uliopandwa mbalimbali, katikati ya miti mingine na wenye kivuli kidogo, huwa na nafasi nzuri zaidi. Yaani mmoja kwako, mmoja kwa jirani, mmoja kando ya kanisa.

Mmeona? Mti huu hauwezi kuokolewa na boma moja.

Wako wanaotumia Kumbukumbu la Torati 20 kukataza kukata mti wowote. Tuwe waaminifu: fungu halisemi hivyo. Linalinda miti ya matunda wakati wa vita, na mstari wa 20 unaruhusu kukata mingine. Mungu anajua jeshi linahitaji mbao, na anajua mama anahitaji kuni. Mhubiri anayewaambia akina mama waache miti bila kuwaambia watapikia nini, afadhali anyamaze. Kuni ndizo zinazowapeleka mama zetu na binti zetu mbali, na ndizo zinazoleta maneno kati yetu na wenyeji.

Kwa hiyo tunaanza na kuni. Kiwanja ni kidogo, lakini mpaka wake unatosha mbaazi na msesbania, na mabua ya mbaazi huwaka vizuri. Pandeni pia ule mti ambao Wajaluo huuita siala, Waluhya lusiola na Waganda musambya. Ni wa kwetu, hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena. Jiko la udongo lililofinyangwa vizuri hula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Hapo ndipo tunapata uso wa kumwambia mtu auache mvule.

Kisha mvule wenyewe. Msianze na kitalu, anzeni na macho. Mche uliojiotea shambani ufungieni kitambaa ili jembe lisiukate, na uzungushieni miiba kwa sababu ya mbuzi. Mkiokota matunda chini ya mvule jike, osheni mbegu mzisie upesi, maana hazikai. Kinundu kikionekana kwenye chipukizi, kikateni mkichome.

Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, akina mama wa vitalu walilipwa kidogo kwa mche uliopona. Tunapenda hesabu hiyo. Katika sherehe nyingi tulizohudhuria, miche ilihesabiwa siku ya kupandwa, watu wakapigwa picha, na mwezi uliofuata mbuzi walishiba.

Linabaki swali ambalo ndugu mmoja aliuliza wazi ibadani: "Mchungaji, kiwanja si changu. Mvule utakomaa wajukuu wangu wakiwa sijui wapi. Nani atapasua mbao?" Ni swali la haki, na hatutalijibu kwa kusema tu "jitoleeni". Ibrahimu alipatana kwanza. Na sisi tukae na wenyeji, mbele ya mwenyekiti wa LC1 na viongozi wetu wa RWC, tukubaliane na kuandika: mti upi ni wa nani, matawi makavu ni ya nani, na familia ikirudi nyumbani nani atautunza. Wenyeji nao wana lawama zao juu yetu. Tuzisikilize kama Abimeleki alivyosikiliza.

Mzee wa Masinya, kabla hatujaondoka kwenda Mulanda, alitupa mbaazi za mbegu katika karatasi. Juu ya miche mitano hakusema tena.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:

Ibrahimu angepanda mti kabla ya kiapo, watumishi wa Abimeleki wangeufanyia nini?

Ni mti gani tuliukata tulipofika hapa, na mwenyewe alikuwa nani? Tumewahi kumwendea?

Katika mtaa wenu mvule jike uko kwa nani, na nani atakwenda kuzungumza naye kabla ya Jumapili ijayo?