Elimu ya Lishe: Jinsi Mwili Unavyotumia Wanga na Mafuta

Ugali, wali na mihogo hutupatia wanga. Chakula kikimeng'enywa, wanga huwa sukari, na homoni ya insulini huiwezesha sukari hiyo kuingia katika seli na kutumika kama nishati. Ziada huhifadhiwa kwenye ini na misuli. Ghala hilo likijaa, inayosalia hugeuzwa mafuta. Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4, ya mafuta 9. Alimaye kutwa huitumia akiba hiyo. Aketiye kutwa huirundika. Uzito ukizidi, insulini huweza kushindwa kufanya kazi ipasavyo, na kisukari kikaingia. Mwenye kiu isiyokatika na anayekojoa mara kwa mara afike kituo cha afya apimwe mapema.