Kabla ya kununua krosi ya tatu

*Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998, ya gia za mkono, niliyoinunua kwa jasho langu. Naitumia hapa mjini, kati ya Ibanda na Kadutu, na siku za Jumapili naenda nayo hadi Kavumu. Tangu mwaka jana krosi za kardani zimenifia mara mbili. Sasa tena, nikitoka gia ya nyuma kuingia ya kwanza nasikia "kla!" chini ya kiti, na nikiongeza mwendo gari linatetemeka. Muuzaji ana krosi tatu: ya dola 12, ya dola 30, na ya dola 55 isiyo na tundu la kupigia grisi. Fundi wangu anasema tuweke ya Hilux kwa kuwa ni nene, kisha achomelee vikombe visitoke tena. Halafu nilipandisha gari sentimita 4 kwa ajili ya mashimo. Labda ndiyo sababu? Nichague ipi?*

*Kijana wa Muhungu, Bukavu*

Mdogo wangu,

Usinunue hata moja kati ya hizo tatu kwa sasa. Krosi mbili kufa kwa muda mfupi namna hiyo maana yake kuna kinachoziua, na kisipoondolewa kitaiua ya dola 55 kama kilivyoiua ya kwanza. Barua yako yenyewe imenionyesha pa kuanzia: fundi anataka kuchomelea "vikombe visitoke tena." Kwa hiyo vilikuwa vinatoka. Kwa nini?

Kardani ya Impreza ya miaka hiyo ilitoka kiwandani bila klipu za kushika krosi. Vikombe vya krosi vilisukumwa ndani ya matundu ya uma, ile ncha ya kardani inayoishika krosi, kisha kingo za matundu zikagongwa ili zivibane. Kiwanda kilikusudia kwamba krosi ikichakaa, mwenye gari abadilishe kardani nzima. Fundi anapong'oa krosi ya aina hiyo, ile kingo iliyokuwa inashika kikombe inaondoka. Akiingiza krosi mpya na kugonga tena kwa nyundo na tindo, kikombe kinashikiliwa na kipande chembamba cha chuma kilichokwisha kuchoka. Kila unapokanyaga mafuta kwenye mlima wa Kadutu, kikombe kinasogea kidogo. Krosi inatoka katikati, kardani inaanza kutetemeka, sindano za bering zilizo ndani ya kikombe zinabanwa upande mmoja. Naamini hicho ndicho kilichokutokea mara zote mbili.

Kuchomelea hakuponyi ugonjwa huo. Moto unaharibu ugumu wa chuma cha kikombe, unaunguza mpira unaozuia matope, na unaweza kuupinda uma. Krosi ya Hilux nayo haifai. Ili iingie, itabidi matundu ya uma yapanuliwe, na hapo unaupunguza nguvu uma wenyewe ili kumpa nafasi mgeni. Unene wa krosi hauna faida kama kinachoishika kimedhoofika.

Kuhusu kupandisha gari, tulia. Kwenye Hilux au Land Cruiser yenye ekseli nzima ya nyuma, ukipandisha springi unabadilisha pembe ya kardani, maana difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Kwenye Impreza difu ya nyuma imefungwa upande wa bodi, kwa hiyo springi ndefu haziigusi pembe hiyo. Zinachobadilisha ni pembe ya shafti fupi zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni, na hizo zina jointi za aina nyingine zenye gololi na mfuko wa mpira. Kagua mifuko hiyo isiwe imepasuka. Lakini kama aliyepandisha gari aliweka vipande vya chuma kati ya bodi na fremu ndogo inayobeba difu, hapo pembe ya kardani imebadilika, na ni lazima ipimwe.

Pembe ina uzito wake. Kasoro ya jointi ya krosi inajulikana tangu siku za Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 17: upande mmoja ukizunguka kwa mwendo ulio sawa, upande wa pili huongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 10, tofauti ni kama asilimia 1.5 kila upande. Ikifika digrii 20, inakaribia asilimia 6. Ndiyo maana krosi huwekwa kwa jozi, ya pili ikisawazisha kasoro ya ile ya kwanza, na uma zake hupangwa kwa mkao maalumu. Fundi akifungua kardani bila kuweka alama ya rangi, kisha akairudisha uma ukiwa umegeuka, gari litatetemeka hata krosi ziwe za dhahabu. Siku ya kufungua, simama hapo na chupa ya rangi mkononi.

Kabla ya yote, kagua haya. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, gia iwe huru, kisha ingia chini. Shika kardani upande mmoja wa krosi kwa mkono huu, na uma wa upande wa pili kwa mkono mwingine, uzungushe kwa kupinganisha. Mchezo wowote unaousikia kwa vidole ni ugonjwa. Angalia pembeni mwa vikombe: ukiona unga mwekundu kama kutu iliyosagwa, sindano zimekauka grisi na zinajila. Tazama pia bering ya katikati inayobeba kardani, mpira wake usiwe umechanika. Mwisho, tikisa mipira inayoshikilia injini, gia na difu. Mipira ikilegea, difu inajiinua kila unapoachia klachi, na krosi inapokea kipigo ambacho haikuumbiwa.

Kipigo hicho si kidogo. Chukua mfano wa injini yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 300, na gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5. Kinachotoka kwenye gia ni Nm 1,050, na katika gari lako nguvu hiyo inagawanywa kati ya mbele na nyuma. Ukiachia klachi ghafla huku injini inanguruma, mshtuko unapita kiasi hicho. Katika mji wetu wa milima, mguu wako wa kushoto unaamua maisha ya krosi zaidi kuliko muuzaji yeyote.

Sasa uchaguzi. Njia ya kwanza, ambayo mimi ningeianza, ni kardani nzima iliyotoka kwenye Impreza nyingine. Iwe ya gari la gia za mkono kama lako, maana ya otomatiki hutofautiana urefu. Usiinunue kwa macho. Ikunje kila krosi kwa mkono, taratibu, pande zote mbili. Ikiwa inapita laini, sawa. Ukisikia inakwama kidogo na kuruka pale kardani inaponyooka, sindano zimeshachimba vijishimo kwenye mikono ya krosi. Iache.

Njia ya pili ni kuifanyia kardani yako matengenezo ya kweli. Fundi wa mashine ya kuchongea chuma akate mifereji ya klipu ndani ya matundu ya uma, krosi ikae katikati kabisa, kisha kardani isawazishwe kwenye mashine. Uliza hapa Bukavu kwanza, kisha ng'ambo ya mto Ruzizi. Pasipo kusawazisha, usilipie kazi hiyo.

Ukichagua njia hii ya pili, ndipo tuzungumze kuhusu krosi za muuzaji. Nenda na kipimo cha vania. Pima kipenyo cha kikombe na urefu wa krosi kutoka kikombe hadi kikombe, vilingane na uma wako, si "karibu sawa." Vua kikombe kimoja. Mkono wa krosi uwe umesuguliwa hadi unang'aa, sindano zijae bila pengo, mpira wa kuzuia matope uwe na midomo inayobana. Kirudishe kikombe ukitikise: kisiyumbe. Ile ya dola 12 ikishindwa mtihani huo, bei yake si nafuu.

Kati ya yenye tundu la grisi na isiyo nalo, ile isiyotobolewa ina mwili wenye nguvu zaidi, lakini maji yakishaingia huna dawa. Kwa gari la michezo linalotembea mjini, ningechukua hiyo isiyotobolewa, mradi mipira yake ni mizuri. Kama unavuka maji na matope mara kwa mara msimu wa mvua, chukua yenye tundu, uipige grisi ya lithiamu namba 2 mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Wakati wa kuifunga, tundu likae upande unaobanwa gari linapokwenda mbele, si upande unaovutwa. Ufa huanzia upande unaovutwa.

Na iingizwe kwa jeki au kibano, bila nyundo. Sindano moja ikianguka na kulala chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho na klipu inakataa kuingia. Fundi anayelazimisha hapo anakuuzia safari ya kurudi gerejini. Mwambie afungue.

Datsun 240Z, gari la michezo lenye krosi kwenye kardani na hata kwenye shafti za magurudumu ya nyuma, lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Krosi hizo ni za aina hiyohiyo tunayoizungumzia. Kwa hiyo usiambiwe gari la michezo haliwezi barabara zetu. Linaweza, likikaguliwa kabla halijalia.

Lako limeshalia. Kavumu isubiri, maana krosi ya mbele ikikatika kwenye mwendo, kardani inaangukia barabarani, nawe hutachagua itakapokutupa. Jumamosi hii ingia chini na ukague mipira na bering ya katikati. Kisha tafuta kardani nzima, na ukiikosa nenda kwa fundi wa kukata mifereji ya klipu. Dola 55 zako ziweke mfukoni mpaka hapo.