Kabla Kikundi Hakijaandika Kanuni: Mwongozo kwa Wanaojitolea Nakivale na Mbarara

Mwongozo huu ni kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujitolea: wakalimani, wahudumu wa afya wa vijiji (VHT), walimu wa masomo ya jioni, makocha wa vijana, na wanafunzi wanaotoka Mbarara mwishoni mwa wiki kuja kusaidia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Swali lake ni moja: je, kikundi kiandike kanuni za mwenendo? Jibu letu ni ndiyo, kwa kikundi chochote ambacho mwanachama wake anashika siri, fedha, orodha ya majina au mtoto wa mwenzake. Watu wanane wanaolimiana mashamba kwa zamu hawahitaji hati. Mistari mitatu kwenye daftari la mikutano inawatosha.

Katiba ya kikundi haitoshi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa wala vya kutafuta faida, na chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 kikundi cha jamii husajiliwa wilayani kikiwa na katiba yake. Kwa Nakivale, wilaya hiyo ni Isingiro. Katiba inaeleza nani apige kura na nani atie sahihi benki. Haisemi mwanachama afanye nini akiletewa kuku na mama aliyemsaidia kujaza fomu.

"Tunajuana, sisi ni ndugu." Hoja hii husikika kila jambo hili linapoletwa mkutanoni, wala si ya kupuuzwa. Nakivale imekuwa ikipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda kwanza, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na ujirani umeamua magomvi mengi ambayo karatasi isingeyaweza. Lakini heshima ya huyu si heshima ya yule. Mkongo humpa mwanamke mkono kwa adabu. Wasomali wengi wataliona hilo kuwa kosa. Utani wa kabila uliochekwa Uvira, Kongo, unaweza kumuumiza mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya kabila hilohilo. Na kwa kawaida anayesema "tunajuana" ni mwenyekiti.

Anzeni na mlango wa malalamiko

Vikundi huanza na makatazo: usiibe, usilewe, usichelewe. Tunashauri muanze na njia ya kulalamika, makatazo yafuate.

Chukulieni mkalimani. Mama Mfuliiru, mkimbizi kutoka Kongo, ametumwa kutoka Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Hajui Kiingereza wala Kinyankore, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kila anachotaka kumwambia daktari kinapita kwa kijana mmoja anayejitolea. Kijana huyo akidai "chai" kabla ya kutafsiri, au akirudi kijijini na kusimulia ugonjwa wa mama, mama ataenda kulalamika wapi? Ataenda ofisini. Ofisini wataulizana nani amtafsirie, na atakayeitwa ni kijana yuleyule, au rafiki yake. Hata kanuni zikiwa zimeandikwa kwa ufasaha namna gani, hapo hazina kazi.

Kwa hiyo hati itaje wapokeaji wawili wa malalamiko, mwanamke na mwanamume, wasiotoka ukoo mmoja wala lugha moja, na angalau mmoja wao asiwe kwenye kamati. Kikundi chenye wanachama pande zote mbili kimweke mmoja Mbarara, kwa sababu umbali humpa mtu nafasi ya kusikiliza bila kuogopa jirani. Namba zao za simu ziandikwe kwenye hati yenyewe. Anayelalamikiwa, hata akiwa mwanzilishi wa kikundi, hakai kwenye kikao kinachomjadili.

Mlango wa nje nao utajwe: mwenyekiti wa RWC (kamati ya ustawi wa wakimbizi), ofisi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu), laini ya bure ya FRRM ya maoni na malalamiko, na simu ya Sauti 116 kwa mambo ya watoto. Mlalamikaji asilazimishwe kuanzia ndani ya kikundi.

Makatazo: nakilini kwa akili

Mwaka 2002 UNHCR na Save the Children ya Uingereza zilitoa taarifa kuhusu Liberia, Guinea na Sierra Leone: watoto wakimbizi walikuwa wakitakiwa ngono na baadhi ya watu wa misaada ili wapewe chakula na huduma. Mwaka huohuo mashirika ya misaada, kupitia kamati yao ya IASC, yalikubaliana kanuni sita, na asili ya makatazo mengi ya leo ni hizo. Yachukueni. Hakuna kubadilishana fedha, kazi, chakula wala jina kwenye orodha kwa ngono. Hakuna kumgusa kingono aliye chini ya miaka 18. Hilo kwa sheria ya Uganda ni jinai, ni la polisi, na halipatanishwi na kikundi, wazee wala mwenyekiti yeyote, hata familia ikiomba yaishe kwa mbuzi.

Lakini msinakili kila neno. Kanuni zile ziliandikwa zikimfikiria zaidi mfanyakazi anayekuja na kuondoka. Ninyi mnaishi humo humo. Anayepokea huduma yenu ni jirani, pengine mchumba. Toleo la 2002 lilisema uhusiano wa kingono na wanaohudumiwa haushauriwi kabisa. Toleo la 2019 linakataza ule unaotumia vibaya cheo au nafasi. Hili la pili ndilo linalowafaa. Anayechumbia mtu aliye kwenye orodha yake aseme mapema, na orodha ipewe mwingine.

Kuhusu kuku wa yule mama: kukataa zawadi mlangoni ni kumvunjia mtu heshima, na kila mtu hapa analijua hilo. Kanuni iseme hivi: chakula cha kuliwa papo hapo na wote kinapokelewa, fedha hazipokelewi, kitu chochote kinacholetwa kabla ya huduma hakipokelewi.

Adhabu ziwe tatu: onyo la maandishi, kusimamishwa kwa muda, kuondolewa. Msiweke faini. Kikundi kikizoea faini kitaanza kuwinda makosa.

Kusomwa

Hati isizidi kurasa mbili, na isomwe kwa sauti mkutanoni kwa kila lugha ya wanachama na wanaohudumiwa: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari, kadiri mlivyo. Sahihi chini ya karatasi ya Kiingereza ambayo mtu hakuielewa haimfungi moyoni. Kila usomaji ufuatiwe na swali moja kwa waliohudhuria: mkalimani wako akikukosea, utampigia nani? Wasipoweza kujibu, kanuni hazijaanza kutumika, na uzinduzi wa hati usubiri.