Huzuni ya Mgonjwa wa Sukari Nayo Ina Dawa

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo halionekani katika kipimo cha damu. Wengi wetu tunaye mtu nyumbani, au katika ukoo, au kwa jirani, mwenye ugonjwa wa sukari. Twajua habari za vidonge vyake, sindano zake na vyakula alivyokatazwa. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kumwuliza, "Na moyo wako, u hali gani?" Swali hilo si la adabu tu. Ni sehemu ya matibabu yenyewe, na katika somo hili tutaonyesha kwa nini.

Tutoe mfano. Tuseme yuko mama mmoja, mtu mzima, aliyeishi na ugonjwa huu miaka sita. Kila mwezi huenda kliniki. Siku moja mwuguzi, ambaye kwa umri ni sawa na binti yake, anaitazama kadi na kusema kwa ukali, "Mama, sukari imepanda tena! Unakula nini huko nyumbani?" Mama anajibu, "Nisamehe, mwanangu, nitajitahidi." Akirudi nyumbani, watoto wanailinda sahani yake kama askari alindavyo mfungwa. Akichukua kipande cha pili cha ndizi, mmoja husema, "Mama, si umekatazwa?" Wote wampenda, wala hakuna amtakiaye mabaya. Lakini usiku mama hapati usingizi. Asubuhi hana nguvu ya kufagia uwanja. Kuku wake, aliokuwa akijivunia, hawaangalii tena. Kwenye vikao vya akina mama haonekani. Mwisho aiacha hata kliniki, maana aona ni afadhali kutopimwa kuliko kupimwa na kuaibishwa. Majirani wasema, "Yule amekuwa mvivu." Wengine wasema imani yake ni haba. Je, ni kweli?

Si kweli hata kidogo. Yamkini mama huyo amepatwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Wataalamu huuita sonona: huzuni nzito isiyoondoka, iondoayo hamu ya kila kitu, nguvu, usingizi, na pengine hata tamaa ya kuishi. Si uvivu, wala si dhambi, wala si utoto. Ni maradhi kama maradhi mengine, na yanatibika.

Kwamba sukari na huzuni hufuatana si habari ngeni. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu huweza kuleta ugonjwa wa sukari. Yeye hakuwa na vipimo tulivyo navyo leo. Lakini mwaka 2001 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa mahali mbalimbali, wakaona ya kuwa sonona huwapata wenye ugonjwa wa sukari yapata mara mbili kuliko wasio nao. Na mwaka 2008 wengine walionyesha kwamba njia hii hupitika pande zote mbili: mwenye sonona naye yumo katika hatari zaidi ya kupatwa na sukari ya aina ya pili baadaye.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, mtu akiwa na mashaka ya daima, mwili wake hutoa homoni zinazolisukuma ini kumwaga sukari katika damu. Pili, ugonjwa huu hauna Jumapili wala sikukuu. Kila mlo ni hesabu, kila safari yahitaji maandalizi, na hofu ya kupoteza macho, figo au mguu haiko mbali. Tatu, aliyevunjika moyo huacha dawa, huacha kutembea, na hula ovyo au hali kabisa. Hapo sukari huharibika, naye akiona imeharibika huzidi kukata tamaa. Basi magonjwa haya mawili hushikana mikono, na anayetibu moja tu aacha kazi nusu.

Lakini tusichanganye mambo. Si kila mgonjwa mwenye kununa ana sonona. Wako waliochoshwa na ugonjwa wenyewe: wamechoka kujichoma, kuhesabu, kuulizwa na kukemewa, ila mambo mengine bado yawafurahisha. Mwaka 1995 William Polonsky na wenzake huko Marekani walitangaza orodha ya maswali 20 ya kupima mzigo huo. Mtu wa namna hii aghalabu hahitaji vidonge vya huzuni. Ahitaji kupunguziwa mzigo: ratiba ya dawa iliyo rahisi zaidi, mafundisho yaliyo wazi, na watu wanaomsaidia badala ya kumchunga.

Tena yafaa kukumbuka kwamba sukari ikipanda sana huleta uchovu, na ikishuka sana huleta jasho, kutetemeka na hofu ya ghafula. Kwa hiyo mgonjwa akibadilika, apimwe sukari kwanza. Ikiwa imeshuka, apewe upesi kitu chenye sukari. Yasiwe mambo ya kubahatisha.

Sonona yenyewe twaitambuaje? Wauguzi na madaktari wa nchi nyingi huanza na maswali mawili. La kwanza: katika majuma mawili yaliyopita, je, umekosa hamu au furaha katika kufanya mambo? La pili: je, umejiona mwenye huzuni, mnyonge au asiye na matumaini? Akijibu kwamba ndivyo alivyokuwa siku nyingi, jibu hilo peke yake halithibitishi ugonjwa, ila amepata sababu ya kutosha ya kuchunguzwa na mganga. Maswali haya hayahitaji mashine wala fedha. Yahitaji dakika mbili na uso wa upole.

Na baada ya kuuliza, kuna la kufanya. Liko tiba ya mazungumzo, ambayo mgonjwa husaidiwa kuyapima mawazo yake na kuanza tena kazi ndogo ndogo, moja kwa siku. Ziko pia dawa. Hizo hazifanyi kazi kwa siku moja, bali huchukua majuma kadhaa. Na kwa kuwa baadhi yake huongeza uzito au kubadili sukari, daktari lazima aambiwe magonjwa yote mawili, wala mtu asiziache ghafula bila shauri lake.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya hospitali kubwa tu. Mwaka 2010 ulitangazwa uchunguzi kutoka jimbo la Washington, Marekani, wa wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na sukari au maradhi ya moyo. Waliofuatiliwa na wauguzi chini ya uongozi wa madaktari walipata nafuu kuliko wenzao, moyoni na mwilini pia, na sukari yao ikashuka. Mwaka 2020 ukatangazwa mwingine kutoka kliniki nne za India, wenye wagonjwa 404. Huko hata wahudumu wasio madaktari, walipofundishwa na kusimamiwa vema, walileta faida kama hiyo.

Hapa Afrika pia kuna mfano. Tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe aliwafundisha akina bibi 14 wa Mbare, mjini Harare, kukaa na wenye huzuni kwenye benchi, kuwasikiliza, na kuwasaidia kulitatua tatizo moja kwa wakati mmoja. Washona huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza mno. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kazi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa sukari, lakini yatufundisha kwamba sikio lililofunzwa ni dawa. Bibi wa namna hiyo hawakosekani vijijini mwetu; lililokosekana ni mafunzo.

Basi, yatupasa nini? Nyumbani, tuache kuilinda sahani ya mgonjwa. Chakula kimfaacho yeye chatufaa na sisi. Tule naye, tutembee naye, tumsindikize kliniki. Tuseme, "Mama, leo kumekuwa kugumu?" kuliko kusema, "Si nilikuambia?" Katika kliniki, namba mbaya isiwe hukumu, bali mwanzo wa mazungumzo. Na anayetaka kumwombea mgonjwa afanye hivyo kwa moyo wote, ila asimzuie njia ya kwenda kwa daktari.

Liko jambo moja lisilongoja. Mgonjwa akisema kwamba ni heri afe, tusimkemee wala tusimcheke. Tumwulize waziwazi kama afikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, dawa zake zishikwe na mtu mwingine ampaye kwa saa zake bila kukosa, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mgonjwa hafichi kwa ukaidi. Huficha kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Ndugu msomaji, kabla juma hili halijaisha, mwendee mgonjwa wako, keti karibu naye, mwulize juu ya moyo wake. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.