Neno KUGANDA

Watoto, asubuhi ya baridi piteni sokoni Mudaka, pale kando ya barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kavumu, mtazame chupa za mawese. Jana mchana mafuta yalitiririka; leo ni mazito, hayatoki. Mama muuzaji atasema: «Mawese yameganda.» Ataiweka chupa juani, nayo yatatiririka tena. Mimi nilipata kuyachokoa kwa kijiti. Kijiti kikavunjika, mafuta yakabaki.

Sasa tazameni maziwa. Yakilala siku mbili hivi katika kibuyu, huchachuka na kuganda. Washi huyapenda hivyo, huyaita mashanza. Je, tukiyaweka juani yatarudi kuwa maziwa mabichi? Sivyo! Mawese huganda kwa baridi, na joto huyafungua. Maziwa huganda kwa uchachu, wala hayarudi.

Damu nayo huganda. Ukijikata kwa kisu, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, wala usifunue kila mara kuchungulia. Katika damu nyuzi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, hushikana na kuziba njia. Ukibandua damu iliyoganda, itatoka upya.

Tena mtoto mgeni shuleni humganda mama yake mlangoni. Hapo hakuna kilichopoa wala kuchachuka. Ni kushikamana tu, asitake kuachia.

Lakini msiseme «uji umeganda» ungali motoni. Huo umekuwa mzito tu. Ngojeni upoe, mtaona ngozi juu yake. Mwenye haraka huiamini ngozi hiyo, akaunguza ulimi.

Ngozi ya namna hiyo iliwahi kuwadanganya watu wazima. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yakashuka, yakapita katikati ya mji wa Goma, kaskazini mwa ziwa letu la Kivu, yakaingia ziwani. Juu yaliganda, yakawa meusi, na watu wakakanyaga juu yake kurudi makwao. Ndani yalikuwa yangali moto. Tarehe 21 watu walikuwa wakichota mafuta katika kituo cha mafuta ya gari kilichozungukwa na mawe hayo. Mafuta yakalipuka, wakafa watu makumi.

Maulizo
1. Kitu gani huganda, kisha huyeyuka tena? Kipi hakirudi?
2. Kwa nini hatubandui damu iliyoganda?
3. Uji mzito na uji ulioganda hutofautianaje?